Baba alifanya kazi Marekani, watoto wako Moshi: nani analipwa?

SWALI: Mume wangu aliendesha malori Marekani miaka kumi na miwili, akafariki hukohuko miezi kumi na minne iliyopita. Tulifunga ndoa kanisani hapa Moshi. Mtoto wetu wa kwanza, miaka 16, alizaliwa hapa na amelelewa na bibi yake Kibosho; Marekani hajawahi kufika. Wa pili, miaka 9, alizaliwa Texas. Mimi niliishi huko miaka saba nikarudi naye. Shemeji zangu wanasema nisijaze fomu yoyote mpaka ukoo uteue msimamizi wa mirathi, na kwamba huyu mkubwa hana chake kwa kuwa ni Mtanzania. Ni kweli? Mama wa wawili, Moshi.

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada. Shemeji zako wamekosea mara mbili, na kosa la kwanza linakula hela za watoto kila mwezi, kwa hiyo nianze nalo.

Mafao ya Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya Marekani, ya watoto wa mfanyakazi aliyefariki si mirathi. Hayagawanywi na ukoo wala hayapiti Mahakama ya Mwanzo. Ni haki ya mtoto mwenyewe, na kwa kuwa bado mdogo, mamlaka ya huko huteua mtu wa kumpokelea, mara nyingi mzazi. Mama mmoja alikuja ofisini kwangu hapa Arusha na bahasha ya kaki: muhtasari wa vikao vitatu vya ukoo, sahihi kumi na moja, mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Kazi nzuri kabisa, na hakuna karatasi hata moja iliyohitajika. Wakati vikao vinaendelea, muda ulikuwa unayoyoma, maana maombi ya aina hii hulipwa kurudi nyuma miezi sita tu. Kwa miezi yako kumi na minne, takriban minane imeshapotea. Usiongeze wa tisa.

Sasa watoto. Huyu wa Texas ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa, na kuishi kwake Moshi hakumzuii kulipwa. Kwa mkubwa ndipo penye kazi. Asiye raia anayeishi nje ya Marekani husimamishiwa malipo baada ya miezi sita, isipokuwa awe na kighairi, na kimojawapo ni mzazi aliyefariki kuwa na alama 40 za kazi. Mtu hupata alama zisizozidi nne kwa mwaka, kwa hiyo miaka kumi ya kazi inayokatwa kodi inatosha. Hapa naomba ukague jambo moja: madereva wengi wa malori hulipwa kwa 1099, yaani kama watu waliojiajiri. Kama hakuwa akipeleka ritani zake za kodi, miaka kumi na miwili ya usukani inaweza kuonekana mitatu kwenye kumbukumbu.

Kisha kuna sharti la ukaazi wa miaka mitano. Watu wakisikia hivyo hukata tamaa, kwa sababu mtoto hajawahi kufika. Lakini sheria inakubali pia miaka ya wazazi: kila mmoja awe ameishi Marekani jumla ya miaka mitano, au awe amefariki akiwa mkazi wa huko. Marehemu ametimiza. Aliyebaki ni wewe, na una saba. Kwa hiyo pasipoti yako ya zamani yenye mihuri, mkataba wa nyumba na W-2 zako (hati za mwaka za mshahara na kodi) ndiyo mafao ya mwanao. Zitafute leo.

Kiasi: kila mtoto hupata hadi asilimia 75 ya pensheni ya msingi ya baba. Wewe pia, kama hujaolewa tena na unamlea huyu wa miaka 9, unaweza kuomba asilimia 75 mpaka afikishe 16. Ila familia ina kikomo, kati ya asilimia 150 na 180, kwa hiyo mkiwa watatu kila fungu litapunguzwa. Kuna pia dola 255 za mara moja kwa mjane. Hazinunui hata jeneza, ila ziombe kabla ya miaka miwili kupita tangu kifo.

Mtoto hulipwa hadi miaka 18, au 19 akiwa bado sekondari muda wote. Chuo kikuu hakihesabiwi. Mwenye ulemavu mkubwa ulioanza kabla ya miaka 22 huendelea.

Fomu ya watoto ni SSA-4, na kwa mnaoishi nje huongezwa SSA-21. Anzia ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, wakuelekeze kitengo kinachohusika. Andaa vyeti vya kuzaliwa, cha ndoa, cha kifo, na namba ya Social Security ya marehemu. Kuomba ni bure; akitokea kijana wa steshenari anayetaka "asilimia kumi ya mafao", mlipe hela ya fotokopi tu.

Kama vyeti havijakamilika, peleka maombi hivyohivyo. Tarehe ya maombi ndiyo inayohesabiwa. Karatasi zilizopungua zitafuata.