Waliniambia nijikaze

Mume wangu aligongwa na gari Barabara ya Naivasha akirudi nyumbani kwetu Kawangware. Simu ilinipata saa tatu usiku, ugali ukiwa jikoni. Miezi minane baadaye, simu ikilia usiku mikono bado ilinitetemeka, na harufu ya ugali ulioungua ikanijia puani hata kama jiko halijawashwa.

Matangani kila mtu aliniambia, "Jikaze mama, watoto wanakuangalia." Nikajikaza hadi usingizi ukanikimbia.

Aliyeligundua hilo ni mhudumu wa afya ya jamii aliyekuja kumpima mtoto wangu uzito. Aliniuliza, "Mama, unalala?" Nikashindwa kujibu. Akanipeleka kwa mshauri nasaha.

Nilidhani nitapewa mawaidha. Yule mama alinifundisha kwanza kupumua polepole, mkono ukiwa tumboni, kisha akasema, "Nisimulie siku ile, anza unapotaka." Siku ya kwanza nilifika kwenye simu nikanyamaza, naye hakunisukuma. Siku ya nne ndipo nikatoa lililokuwa likinikaba: asubuhi ile tuligombana kuhusu karo, na sikumuaga.

Nijuavyo sasa, kumbukumbu ya kiwewe hukaa vipande vipande, ndiyo maana harufu tu inakurudisha pale pale. Ukiisimulia mwanzo hadi mwisho mbele ya mtu aliyetulia, mara kadhaa, moyo huanza kuelewa kwamba yale yamekwisha kutokea, hayatokei sasa.

Na si lazima awe daktari mkubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wanawake 421 hapa Nairobi, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili. Walioongozwa na wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mafunzo, kwa vikao 5 vya dakika 90, walipungukiwa na dhiki kuliko waliopata huduma ya kawaida. Haukuwa utafiti wa wajane, lakini nilijiona humo.

Mjane mwenzangu, usiende na shemeji. Kama kuna maneno ya shamba au ploti, utachuja kila neno, na kikao kitapotea bure. Jirani yangu aliyekuwa kwenye eda, muda wa mjane Mwislamu kukaa nyumbani, miezi 4 na siku 10, alifuatwa nyumbani na mshauri wa kike. Uliza kama inawezekana. Chama cha wajane ni kizuri, nami nimo, ila simulizi ya kwanza ningeitoa faraghani. Mshauri akianza kukuhimiza usamehe haraka, au siri yako ukaisikia sokoni, tafuta mwingine bila kuona haya.

Ukianza kufikiria kujiua, usingoje siku ya kikao. Mwamshe jirani, mwende hospitali usiku huo huo.

Na ukifika mapokezi aibu ikakushika, sema hivi tu: "Nimefiwa na mume, na silali." Mimi nilisema hivyo hivyo, nikaonyeshwa mlango wa mshauri.