Amplifaya inazima besi ikipiga: ni feki, au ni waya?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina Noah, nyuma nimefungiwa amplifaya ya chaneli mbili iliyoandikwa wati 2000, na sabufa (spika za besi) mbili za omu nne nne. Nikipandisha sauti, kila besi ikipiga taa za dashibodi zinafifia, na baada ya nyimbo mbili tatu amplifaya inazima na kuwasha taa nyekundu. Aliyenifungia anasema ni feki, ninunue nyingine. Nitajuaje ina wati ngapi hasa, na kama waya zimefungwa sawasawa? — Msomaji, Morogoro

Jibu: Salama, ndugu yangu. Hela yako iweke mfukoni kwanza. Maandishi ya wati 2000 huenda ni ya uongo kweli, lakini maandishi hayazimi amplifaya.

Chungulia ubavuni mwa amplifaya, pale fyuzi zinapochomekwa. Tuseme zipo mbili za ampea 25, jumla 50. Injini ikiunguruma, umeme wa gari huwa kama volti 13.8. Zidisha: 50 mara 13.8 ni wati 690, na huo ndio umeme inaoweza kula mfululizo bila kukata fyuzi. Amplifaya za mtindo wa zamani, zile nzito zinazochemka kama pasi, karibu nusu ya umeme huo huishia kuwa joto, kwa hiyo spika zitaambulia wati 350 hadi 400. Za daraja D, aina isiyochemka sana, hufikisha kwenye spika kama asilimia 80 ya umeme huo. Hiyo 2000 ichukulie kama bei ya kwanza ya muuza duka.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Taa kufifia ni dalili kwamba umeme unaporomoka mahali. Chukua mita, iweke kwenye volti za DC, washa injini, pandisha sauti mpaka pale inapokusumbua. Pima kwenye ncha za betri, kisha kwenye skrubu za amplifaya, chanya na hasi. Betri ikisoma 13.6 na amplifaya 12, umepoteza volti 1.6 njiani. Mimi zaidi ya nusu volti siikubali. Lakini kama betri yenyewe inashuka chini ya 12.5 na injini inawaka, kosa haliko kwenye waya: angalia betri na alteneta, ile mashine inayoichaji.

Kujua ni waya upi unaokula, gusa ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya amplifaya, muziki ukiendelea. Ikizidi volti 0.2, hasi ni mbovu. Nimewahi kuletewa daladala iliyokwisha kubadilishiwa amplifaya mara mbili; hapo nikasoma volti 1.4. Waya wa hasi ulikuwa umebanwa kwenye boliti ya mkanda wa kiti, juu ya rangi. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikabana upya kwa waya mfupi usiofika nusu mita, ile 1.4 ikashuka hadi chini ya 0.1. Amplifaya ya kwanza bila shaka ilikuwa nzima.

Upande wa chanya, tazama unene. Wengi huvuta waya wa milimita 6 za mraba, ule wa jiko la umeme. Kwa mita tano na ampea 40, waya huo ukiwa shaba tupu unakula karibu volti 0.6; wa milimita 16 za mraba unakula 0.2. Ukwangue kwa kisu pia. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na hasara inakuwa kubwa zaidi.

Taa nyekundu nayo ina mshukiwa wake, na kwako namshuku sana. Zima kila kitu, chomoa waya za sabufa kwenye amplifaya, weka mita kwenye omu na upime ncha hizo. Sabufa ya omu nne husoma 3.2 hadi 3.8. Ukisoma 1.7 hivi, sabufa zako zimeunganishwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, na kuwa omu mbili. Kama tena amplifaya imebrijiwa, yaani chaneli zake mbili zimeunganishwa zifanye kazi kama moja, kila chaneli inauona mzigo wa omu moja, na nyingi za chaneli mbili haziruhusu chini ya omu nne zikibrijiwa. Dawa ni rahisi: kila sabufa ipewe chaneli yake. Pima pia kati ya waya wa spika na bodi ya gari. Mita isisome kitu. Ikisoma, kuna waya umechubuka chini ya kapeti.

Wati zenyewe usizipime kwenye sabufa, maana omu za spika zinapanda na kushuka kadiri mlio unavyobadilika. Unataka mzigo usioyumba. Pale karakana ninatumia koili nne za hita ya maji, kila moja wati 3000 kwa volti 230, nimezifunga sambamba ndani ya ndoo ya maji, viungo vikibaki nje. Zinatoa omu 4.4. Nacheza mlio mtupu wa hezi 50, kwa sababu mita za bei nafuu zikipimishwa milio ya juu zinadanganya, kisha napandisha geini, kile kitufe cha kuongeza nguvu kwenye amplifaya, huku nikisoma volti za AC. Nikipata 40, nazidisha 40 kwa 40 na kugawa kwa 4.4: wati 363. Amplifaya ikifika kikomo na mawimbi kuanza kukatwa vichwa, mita inaendelea kupanda na wati zinaonekana nyingi kuliko zilivyo, ndiyo maana naweka pembeni oskiloskopu, chombo kinachoonyesha mawimbi kwenye skrini. Huna? Ishia pale volti zinapoanza kupanda kwa shida.

Ukianza kufungua waya, toa hasi ya betri kwanza. Na kama waya wa chanya hauna fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, iweke leo hii, hata kabla ya kupima.