Maswali ya Wasomaji: Msuli wa hewa usiovuta vya kutosha

SWALI: Nimetengeneza msuli bandia wa hewa wenye urefu wa sentimita 30: bomba la silikoni la milimita 10 ndani ya soksi ya nailoni iliyosukwa. Nikijaza hewa hadi shinikizo la baa 3 unafupika sentimita 2 tu, na bomba limeshapasuka mara mbili karibu na kibano. Tatizo ni nini?

JIBU: Msuli wa aina hii, unaoitwa kwa jina la mwanafizikia wa Marekani Joseph McKibben, ukiwa na mzigo mwepesi hufupika kwa robo hivi ya urefu wake. Wako ulitakiwa ufike sentimita 7. Anza na soksi. Bomba likitanuka, nyuzi za soksi huzidi kulala kwa upana, na ndivyo msuli unavyovuta. Zikifika digrii 54.7 kutoka kwenye mhimili wa bomba, mvuto umekwisha hata uongeze hewa kiasi gani. Inaelekea soksi ilijikusanya ulipokuwa unaifunga, ukapoteza safari (umbali wa kufupika) kabla ya kuanza. Fungua kibano kimoja, ivute soksi hadi ilishike bomba kote, nyuzi zikiwa digrii 25 hivi kutoka kwenye mhimili, kisha ukaze. Soksi yenyewe lazima iweze kutanuka hadi milimita 20. Isipoweza, tafuta nyingine.

Kuhusu kupasuka, tazama tundu. Likiwa dogo na limekaa baina ya nyuzi, mpira ulijipenyeza pale zilipoachana. Visha bomba kipande kingine cha silikoni cha sentimita 3 kila mwisho, chini ya soksi, na upake poda kupunguza msuguano. Ukiona mkato wa kuzunguka bomba, basi ni ukingo wa kibano: upige tupa. Jaribu kwanza kwa maji, maana bomba lililojaa hewa likipasuka hurusha vipande.

SWALI: Je, msuli huohuo unaweza kumsaidia mtu kukunja kiwiko akiwa ameshika kilo 2?

JIBU: Mmoja hautoshi. Kwa hesabu, kwenye baa 3 huanza na nguvu ya nyutoni 190 hivi, lakini ukishafupika kwa asilimia 20, yaani sentimita 6, hubaki 76, na msuguano hula sehemu ya hizo. Ubaya ni kwamba mkono unaponyanyuka kutoka chini hadi usawa wa kiwiko, mzigo nao unazidi kulemea: kilo 2 kwenye sentimita 30 zinadai karibu nyutoni-mita 6 (nguvu mara umbali kutoka kwenye kiwiko), bila uzito wa mkono. Ukifungwa sentimita 4 kutoka kwenye kiwiko, msuli wako hapo hutoa 3 tu.

Tumia miwili ya sentimita 40 sambamba. Safari ileile ya sentimita 6 inakuwa asilimia 15, na kwa pamoja hutoa nyutoni-mita 8 kwa hesabu. Ifunge ikiwa imenyooka kabisa mkono ukining'inia. Ikilegea hata sentimita 2, nguvu kubwa ya mwanzo inapotea bure. Weka kizuizi kinachozuia kiwiko kupita mwisho wake wa kawaida, na vali ya kutoa hewa mahali ambapo mkono wa pili wa mvaaji unafika bila kutafuta.