Kiti cha jimbo kikiwa wazi, hakirithiwi

Je, hapa Tanzania mbunge wa jimbo akiondoka, kiti chake humwendea aliyeshika nafasi ya pili au mtu wa kuteuliwa na chama? La, aliyeshika nafasi ya pili hachukui kiti, na chama hakiteui mbadala: kiti cha jimbo kikiwa wazi, Spika huiarifu Tume ya Uchaguzi, nayo huitisha uchaguzi mdogo ambamo wapigakura wa jimbo hilo peke yao huamua upya. Sisi wa mkoa wa Lindi tuliliona jambo hili katika jimbo la Liwale mwaka 2018, pale mbunge wake, Zuberi Kuchauka, alipotoka chama cha CUF kwenda CCM. Kwa kuwa Ibara ya 71 ya Katiba humwondolea ubunge anayeacha chama alichokuwamo alipochaguliwa, ilimbidi arudi kwa wananchi kuomba kura, akashinda, akamalizia muda uliokuwa umebaki hadi 2020. Huo ndio utaratibu wa haki, kwa maana kura ni ya mwananchi.

Hata hivyo, utaratibu huu hauhusu viti maalumu vya wanawake, ambavyo hujazwa kutoka katika orodha ya chama husika, na Ibara ya 76 hairuhusu uchaguzi mdogo ikiwa Bunge limekaribia sana kuvunjwa.