Namba za setilaiti na jua la Julai Nairobi

Mwenzetu wa Rongai ameuliza kwa nini namba za setilaiti zinamwahidi jua la Julai ambalo paneli zake hazilioni.

Setilaiti haipimi jua linalofika kwenye bati lako. Inapima mwangaza unaorudi juu. Mbinu ya Heliosat, iliyochapishwa 1986, hulinganisha mwangaza huo na wa ardhi isiyo na wingu, kisha na wa wingu zito. Tuseme ardhi inarudisha 0.15 ya mwanga, wingu zito 0.80, na sasa hivi pikseli, yaani kipande kimoja cha picha, inasoma 0.40. Kipimo cha wingu ni (0.40 − 0.15) ÷ (0.80 − 0.15), yaani 0.38. Kitoe kwenye 1, inabaki 0.62, sehemu ya jua inayopenya. Kama anga safi ingeleta wati 800 kwa mita ya mraba, chini zinafika kama 490.

Julai yetu huharibu hiyo namba ya ardhi. Programu huitafuta kwa kuchukua siku ambayo pikseli ilikuwa nyeusi zaidi katika wiki kadhaa, saa ile ile. Wingu la kipupwe likitanda asubuhi baada ya asubuhi, siku safi haipatikani, na wingu jepesi linahesabiwa kuwa ardhi. Weka 0.25 badala ya 0.15 urudie hesabu: wati 580. Hizo 90 za ziada hazipo.

NASA POWER, hazina ya data ya hali ya hewa na jua ya NASA, kwa mionzi hutumia visanduku vya digrii moja, karibu kilomita 111 kila upande, kwa hiyo Limuru ya ukungu na Magadi ya jua kali zimo pamoja. Mimi ningetumia PVGIS, kikokotoo cha jua cha mtandaoni cha Tume ya Ulaya, data yake ya setilaiti iitwayo SARAH, wastani wa Julai wala si wa mwaka, pamoja na mwinamo na uelekeo halisi wa paa. Data ya kila saa iko kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu: saa sita mchana yetu ni 09:00.

Kisha sahihisha kwa piranomita, kifaa cha kupima mionzi ya jua, iliyolazwa kwa pimamaji na kufutwa vumbi kila wiki. Ilinganishe na mionzi ya sehemu bapa, si ya paa lililoinama, na kwa jumla ya siku, kwa sababu pikseli ni kilomita kadhaa na kifaa chako ni nukta. Gawanya jumla yake ya Julai kwa ile ya setilaiti, upate kizidisho cha Julai pekee, usikipeleke Februari.

Umeme wa inveta usiufanye kipimo ikiwa betri hujaa kabla ya saa nane: zikijaa, inveta huzibana paneli hata jua likiwaka.