Kumcheulisha mtoto usiku kwenye baridi ya Nyanda za Juu

Mwezi wa sita na wa saba, ukiwa Makete, Njombe, Mafinga au Uyole, kutoka kwenye blanketi saa nane za usiku ni kazi. Ndiyo maana mama wengi hunyonyesha wamelala ubavu, mtoto akisinzia wanamwacha hapohapo. Muda si mrefu anaanza kujinyonganyonga, anakunja miguu, analia. Hewa aliyoimeza imebaki tumboni, na akiwa amelala maziwa huiziba isipande.

Jiandae kabla hajashika titi: khanga safi ya begani, shali ya mgongoni kwako, na mto wa kuweka kati yako na ukuta, maana ukuta wa tofali usiku unanyonya joto lote. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Akimaliza, kaa wima. Mnyanyue na blanketi lake, usimfunue. Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine nyuma ya shingo na kichwa, kwani chini ya miezi mitatu shingo haijakaza. Mpandishe mpaka kidevu kikae juu ya bega na tumbo liegemee sehemu ya juu ya kifua chako. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanamweka chini mno, pua inazama kwenye sweta, na tumbo halibanwi popote. Mgandamizo ule mdogo wa tumbo ndio unaosaidia hewa itoke.

Kupigapiga mgongo kunasifiwa kupita kiasi. Juu ya sweta na blanketi zito mkono haumfikii, basi mtu anaongeza nguvu na kumwamsha bure. Sugua viganja vipate moto, ingiza mkono ndani ya blanketi, kisha msugue taratibu kutoka kiunoni kwenda mabegani. Ukitaka kupiga, kunja kiganja kidogo, upige kwa upole.

Dakika mbili tatu zikipita kimya, mlaze kidogo mapajani, halafu mnyanyue tena. Mara nyingi hewa hutoka kwenye kule kunyanyuliwa. Bado? Mwache. Anayenyonya vizuri, mdomo wazi, weusi unaozunguka chuchu ukiwa umeingia karibu wote, humeza hewa kidogo sana. Ukisikia mlio wa “ta, ta” anaponyonya, hajashika sawasawa: pitisha kidole safi pembeni mwa mdomo, mtoe, mshikishe upya.

Wa chupa humeza hewa zaidi. Inamisha chupa ili chuchu yake ijae maziwa, na umcheulishe katikati, kila baada ya mililita 60 hivi. Wa titi mcheulishe unapobadili upande.

Kisha kaa naye wima dakika 10 hadi 15, lakini usisinzie naye kwenye kochi. Ni hatari kuliko hewa yenyewe. Mlaze chali, blanketi liishie kifuani na mikono iwe nje, hata baridi iwe kali vipi. Kama ni ya kuuma, mwongezee nguo, si kumfunika uso. Wengi wanaogopa kwamba akiwa chali atapaliwa na maziwa. Mtoto mwenye afya akilala hivyo, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, na maziwa hurudi chini.

Bibi huenda akaleta dawa ya chango ya dukani. Mpokee kwa heshima, uiweke kabatini: kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Na kucheulisha hakutibu chango; kilio cha jioni kisicho na sababu huwa kinapungua chenyewe kwenye miezi mitatu au minne.

Maziwa kidogo yanayotiririka begani si ugonjwa. Lakini akitapika rangi ya kijani au damu, akitapika kwa nguvu kila anaponyonya, akikataa titi, joto likifika 37.5, au akipumua mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia (mara 50 na zaidi akishafika miezi miwili), usingoje siku ya kliniki. Mfunge vizuri, chukua kadi yake, mpeleke kituo cha afya usiku huohuo.