Maswali kutoka Amani: mesopsis, msambu na mitambaazi

Kikundi chetu kina miche 2,000 ya msederela. Tuipande upande gani wa Hifadhi ya Asilia Amani?

Hakuna upande. Msederela ni mgeni kutoka Amerika, na Usambara Mashariki tayari unasumbua. Mhifadhi huulizwa kabla ya kujaza viriba, si baada.

Mesopsis (mti Maesopsis eminii) ikizaa, ndege hondohondo hujaa. Kwa nini mnaipiga vita?

Swali hili limejibiwa mara ngapi? Hondohondo anaipenda, na ndiye anayeisambaza: anameza tunda, anaruka, mbegu inaangukia penye mwanga. Kwao mesopsis ni Uganda na Kagera, si Usambara. Huku ililetwa ikapandwa, na uvunaji wa magogo ukaifungulia njia.

Ila msiangushe mti mkubwa kwa pupa. Mwanga ukiingia ghafla mtavuna miche ya mesopsis ileile pamoja na klidemia, kichaka kigeni kinachovamia msitu. Pateni kibali, kisha menyeni gome kuzunguka shina usawa wa kiuno, upana wa sentimita 30 hivi, mkikwangua na ule utando unaoteleza mpaka mbao yenyewe ionekane. Mkibakiza hata ukanda mwembamba wa gome, mti utaishi. Ukimenywa sawasawa hufia wima, majani yakipukutika polepole, na miche ya asili iliyo chini inazoea mwanga. Kama miche hiyo haipo, hapo si pa kuanzia. Kando ya njia msimenye kabisa: tawi kavu halipigi hodi. Mesopsis changa ing'oeni kwa mkono baada ya mvua, pamoja na mizizi.

Nimesia mbegu za msambu (mti wa asili, Allanblackia stuhlmannii), mwezi wa tatu huu kimya.

Miezi mitatu si kitu. Msambu huweza kukaa hata mwaka. Wengi wanaua mbegu kwa kuzianika juani kama mahindi. Okota tunda lililoanguka lenyewe, toa mbegu, zimenye ganda gumu bila kujeruhi kiini, fukia kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, weka wavu juu. Panya buku atazifukua. Msituni huyohuyo ndiye mpanzi wake, kwa hiyo mnaomtega kando ya hifadhi mjue mnachopunguza. Na mche mmoja haukutoshi: msambu una mti dume na mti jike.

Tunasafisha msitu kwa kukata miti mikavu na mitambaazi. Tuongeze nini?

Msiongeze, acheni. Hondohondo hutaga kwenye matundu ya miti mikubwa, hata iliyokufa. Artisornis moreaui, yule ndege mdogo adimu mwenye mdomo mrefu, anaishi kwenye msongamano wa mitambaazi mnaoufyeka. Panga zenu zipelekeni kwenye klidemia.

Ndege wa kununua sokoni tuwaachie hifadhini?

Hapana. Na msiwanunue.